Painaiti, yeremeyevaiti au sinhalaiti: ni jiwe lipi la boroni linalokufaa?

Swali hili hunifikia kwa sura ileile karibu kila mara. Mtu amezoea tanzanaiti na tsavoraiti, pengine anazo mbili tatu nyumbani, na sasa anataka jiwe ambalo hata sonara wa mtaani kwake hajawahi kuliona. Hela aliyonayo ni ya jiwe moja. Akiingia mtandaoni anakutana na painaiti, yeremeyevaiti na sinhalaiti, yote yakisifiwa kuwa ni "nadra sana", na hapo ndipo anapokwama.

Yote matatu ni borati, yaani madini ambayo ndani yake boroni imeshikana na oksijeni. Neno boroni lisikutishe. Unga mweupe wa boraksi anaounyunyiza sonara kwenye dhahabu inayoyeyuka ni wa boroni. Tumalini za Tanzania na Kenya nazo zina boroni, ila kwenye tumalini boroni ni mgeni ndani ya nyumba ya silika. Katika haya matatu silika haimo kabisa, na boroni ndiye mwenye nyumba.

Kwa nini basi ni nadra? Boroni yenyewe ni chache tangu asili. Haipikwi ndani ya nyota kama kaboni au chuma. Hutokea pale miale ya angani inapogonga atomu kubwa zaidi na kuzimega. Na hiyo kidogo iliyopo duniani hupenda maji: huyeyuka, husombwa, kisha huishia kwenye mabonde ya maziwa yaliyokauka, kama yale ya Uturuki na California ambako huchimbwa kwa matumizi ya viwandani. Ili iwe jiwe gumu linalong'aa ni lazima inaswe chini ya ardhi penye joto kali, karibu na alumini, kabla maji hayajaibeba. Sehemu ambazo jambo hilo limetokea ni za kuhesabu.

Nitayapima kwa mambo matano: historia na chimbuko lake, rangi na sura, uvaaji, namna ya kulihakiki, na soko. Hilo la nne nitalikalia zaidi, kwa sababu ndilo linalowaliza watu.

Yaligunduliwaje, na yanatoka wapi

Painaiti imebeba jina la Arthur Pain, Mwingereza aliyeshughulika na vito huko Mogok, Burma, nchi tunayoiita leo Myanmar. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipata fuwele nyekundu iliyokolea, katika eneo ambalo kila chekundu hudhaniwa ni rubi mpaka ithibitike vinginevyo. Fuwele hiyo ikaenda London, kwenye idara ya madini ya British Museum. Mwaka 1957 wataalamu Claringbull, Hey na Payne walitangaza kuwa ni madini mapya. (Payne mwenye "y" ni mtu mwingine. Jiwe limepewa jina la Pain aliyeligundua.)

Hata hivyo hawakulielewa lote. Uchambuzi wa kwanza uliipita zirkoni (metali, si kito chenye jina kama hilo) bila kuiona, na kanuni ya kemia iliyoandikwa ikabaki na kasoro kwa karibu miaka 20, mpaka Moore na Araki walipopima mpangilio wa atomu kwa eksirei na kuchapisha matokeo mwaka 1976. Ndipo ikajulikana kuwa painaiti ina kalisi, zirkoni, boroni na alumini nyingi. Zirkoni na boroni ni nadra mno kukaa pamoja katika madini yanayozaliwa ardhini, na kwa sehemu hiyo ndiyo siri ya uadimu wake. Katika makala hiyohiyo walionyesha kuwa mpangilio wa atomu za painaiti una undugu na ule wa yeremeyevaiti. Kwa hiyo mawili kati ya matatu tunayoyalinganisha hapa ni ndugu wa ukoo mmoja, ingawa mmoja ni mwekundu wa Asia na mwingine ni buluu ya Afrika.

Kwa miaka mingi dunia nzima ilijua fuwele tatu tu za painaiti. Mwaka 2005 kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitaja kuwa madini ya kito yaliyo adimu kuliko yote. Halafu, kama vile kuitania rekodi hiyo, chanzo kikapatikana karibu na Mogok na kingine Namya upande wa kaskazini, vipande vikatoka kwa mamia na baadaye vikazidi elfu.

Yeremeyevaiti ndiyo ya zamani kuliko zote. Damour wa Ufaransa aliieleza mwaka 1883 kutokana na fuwele za mlima Soktuy, Siberia, akaipa jina la mtaalamu wa madini wa Urusi, Pavel Yeremeyev. Kwenye vyeti na vibandiko vya wauzaji utaikuta imeandikwa kwa J, lakini hutamkwa kwa Y kama jina lenyewe la Kirusi. Fuwele za Siberia zilikuwa hazina rangi au zilielekea unjano kidogo, mali ya makabati ya makumbusho. Sifa yake ya leo imetoka Namibia. Mwaka 1973 fuwele nyembamba za buluu zilipatikana Mile 72, kwenye pwani kame kaskazini mwa Swakopmund, mahali ambapo wengi wanapajua kwa uvuvi wa ndoano. Mwaka 2001 nyingine zikatoka kwenye milima ya Erongo, nchini humohumo.

Kisa cha sinhalaiti ndicho ninachokipenda, kwa sababu hakuna aliyekwenda kulichimbua. Lilikuwa tayari kwenye maduka na kwenye makabati ya makumbusho, limeandikwa "peridoti ya kahawia", ingawa peridoti ni kito cha kijani. Watu walilinunua, wakalivaa, wakalirithisha. Tatizo ni kwamba vipimo vyake havikukaa sawasawa na vya peridoti: lilikuwa zito kidogo kuliko inavyotakiwa. Wapimaji wa London walikuwa wanalitilia shaka, na huko Washington George Switzer alilipiga eksirei akaona halifanani na peridoti. Mwaka 1952 Claringbull na Hey, ndio haohao wa painaiti miaka mitano baadaye, walilitangaza kuwa madini mapya yenye magnesi, alumini na boroni. Wakaliita kwa jina la kale la Sri Lanka, lilikotoka mengi. Linapatikana pia Myanmar na Madagaska, na kaskazini mashariki mwa Tanzania kuna sinhalaiti ya waridi hafifu inayoelekea kahawia. Hilo nitalirudia mwishoni.

Kosa la wale wa zamani lina sababu yake. Atomu za sinhalaiti zimepangwa kwa ramani ileile ya peridoti, ila boroni imekalia kiti cha silika na alumini imechukua sehemu ya viti vya magnesi. Ni pacha aliyevaa shati la mwenzake.

Rangi na sura

Painaiti ni nyekundu inayoelekea kahawia au machungwa, rangi inayotokana na chembe za kromi na vanadi. Ukiigeuza kwenye mwanga hubadilika: upande mmoja ni nyekundu ya rubi, upande mwingine ni machungwa yaliyofifia yenye ukahawia. Nyingi ni nyeusi-nyeusi na zina nyufa. Wapo wanaoiona na kuvunjika moyo, kwa sababu wameshaiona kwenye picha ikiwa imepigwa taa kali kwa nyuma. Kwenye mkono, chini ya mwanga wa kawaida wa sebuleni, inaweza kuonekana kama gololi ya chai nzito. Painaiti safi iliyokatwa vizuri inapendeza kweli, ila huwa ndogo na ni chache.

Yeremeyevaiti ya Namibia ni ya buluu, kuanzia ile ya maji ya kina kifupi hadi buluu iliyokolea. Zipo pia zisizo na rangi na za njano hafifu. Fuwele yake ghafi ni nzuri kiasi kwamba wakusanyaji wengine hawataki ikatwe: kijiti kirefu cha pembe sita kinachochongoka kuelekea ncha. Binafsi nisingeikata.

Sinhalaiti ni ya asali. Huenda kutoka njano ya majani makavu hadi kahawia ya chai, wakati mwingine na kijani ndani yake, na rangi hiyo inatokana na chuma. Hugawa mwanga kwa nguvu, hivyo ukichungulia kwa lupu, yaani kioo cha kukuzia, unaona kingo za nyuso za nyuma zimekuwa mbili-mbili. Haiiti mtu kutoka mbali kama rubi, lakini hupatikana kubwa na safi kuliko zile mbili. Smithsonian, Washington, wana moja ya zaidi ya karati 100. Usiitarajie painaiti ya namna hiyo.

Kwa anayependa namba, hizi hapa kwa ufupi:

| | Painaiti | Yeremeyevaiti | Sinhalaiti |
|---|---|---|---|
| Elementi kuu mbali na boroni na oksijeni | kalisi, zirkoni, alumini | alumini, florini | magnesi, alumini |
| Ugumu (kipimo cha Mohs) | takriban 8 | 6.5 hadi 7.5 | 6.5 hadi 7 |
| Densiti | 4.01 | takriban 3.3 | takriban 3.48 |
| Mpindo wa mwanga | 1.787–1.816 | takriban 1.64–1.65 | takriban 1.67–1.71 |

Kuvaa

Hapa sitachukua muda. Vumbi la nyumbani lina chembe za kwatzi, na ugumu wa kwatzi ni 7. Jiwe lililo chini ya hapo au sawa na hapo litakwaruzwa polepole kila unapolifuta kwa kitambaa. Painaiti iko juu ya mstari huo, yeremeyevaiti iko juu-juu ya mstari wenyewe, sinhalaiti iko chini kidogo au palepale. Kwa pete ya kila siku, painaiti ingeongoza kwa ugumu, lakini nani atavaa painaiti jikoni? Nyufa zake nazo hazipendi kugongwa. Yeremeyevaiti na sinhalaiti zinafaa hereni na kidani bila wasiwasi. Pete inawezekana kama fremu yake inalikinga jiwe pembeni na mwenyewe ni wa kuivua kabla ya kushika jembe au sufuria.

Kulihakiki: hapa ndipo watu wanapoingizwa mjini

Miaka kadhaa iliyopita dalali mmoja wa Arusha alinifungulia karatasi yenye mawe mchanganyiko. Katikati kulikuwa na moja la njano ya ukahawia, akaniambia ni peridoti iliyokosa rangi, kwa hiyo angenipunguzia. Nilikuwa na mizani ya karati, glasi ya maji na waya mwembamba. Kikavu jiwe lilikuwa karati 5.00 kamili. Nikalitundika kwa waya likazama majini bila kugusa chini, nikaondoa uzito wa waya, ikasoma 3.56. Tofauti ni 1.44. Gawa 5.00 kwa 1.44 unapata 3.47, na hiyo ndiyo densiti ya jiwe. Peridoti ya kawaida ina densiti ya takriban 3.34, na ingesoma karibu 3.50 ikiwa majini. Sehemu sita za mia za karati ndizo zilizotenganisha jina moja na jingine. Nilimwambia dalali alichonacho. Bei ikapanda palepale, na sikuweza kumlaumu.

Kwa hiyo sinhalaiti ndiyo rahisi kuanza nayo nyumbani. Kule kuona kingo mbili-mbili hakukusaidii, maana peridoti nayo hufanya hivyo karibu kwa kiwango kilekile. Refraktomita, kifaa cha kupima mpindo wa mwanga, husaidia, lakini vipimo vya mawili haya hukaribiana na hata kupandiana, kwa hiyo soma kwa makini namba ya juu: peridoti huishia karibu 1.69, sinhalaiti huvuka 1.70. Maji na mizani vikikubaliana na refraktomita, umefika.

Yeremeyevaiti ina mtego wa ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni akwamarini, na hiyo ni nyepesi kuivuka. Chukua jiwe la karati 2.00: akwamarini ikizama husoma karibu 1.26, yeremeyevaiti karibu 1.39. Mtoto wa shule anaweza kuona tofauti hiyo. Ngazi ya pili ni apataiti ya buluu, na hapo hata mimi natuliza mkono. Apataiti ya karati 2.00 ndani ya maji husoma karibu 1.37, na mpindo wake wa mwanga, karibu 1.63 hadi 1.64, unagusana na wa yeremeyevaiti. Tofauti kubwa iko kwenye ugumu, kwa kuwa apataiti ni 5 tu, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu anayekwaruza jiwe lililokwisha kukatwa ili ajue jina lake. Topazi ya buluu ni nzito kidogo kuliko yeremeyevaiti, na mpindo wake huishia karibu 1.62, hivyo refraktomita huiumbua. Kwa yeremeyevaiti ya buluu ushauri wangu ni mmoja: usilipe hela nzito bila cheti cha maabara yenye mashine ya Raman. Mashine hiyo hupiga jiwe kwa leza na kusoma alama zake bila kuliharibu.

Painaiti ndiyo inayodanganya wenye mizani. Densiti yake ni 4.01, ya rubi ni 4.00. Glasi ya maji hapo haina la kusema. Spineli nyekundu itaumbuka kwa 3.60, lakini rubi haitaumbuka. Inabidi upande kwenye refraktomita: rubi hutoa mistari miwili iliyobanana kati ya 1.762 na 1.770. Painaiti hutoa mmoja 1.787 na mwingine 1.816, na huo wa pili kwenye kifaa cha kawaida uko ukingoni au haupo kabisa, kwa sababu vifaa vingi huishia karibu 1.81.

Hapo mtu hushangilia mapema. Ipo ganeti nyekundu ya almandini, ambayo kwetu Tanzania ni jiwe la kawaida, na yenyewe inaweza kuwa na densiti ya 4 na ushee na mpindo wa karibu 1.79. Ukiona mstari mmoja tu karibu na 1.79, huenda umeshika painaiti ambayo mstari wake wa pili umekimbia nje ya kifaa, au umeshika ganeti ambayo ina mstari mmoja tangu kuzaliwa. Thamani yao ni mbingu na ardhi. Kinachoamua ni dikroskopu, kile kijibomba kidogo unachochungulia ukaona miraba miwili. Geuza jiwe taratibu. Painaiti itaonyesha rangi mbili, nyekundu kwenye mraba mmoja na machungwa ya kahawia kwenye mwingine. Ganeti itabaki rangi moja daima, hata ukiigeuza mpaka kesho. Kifaa hiki ni cha bei ndogo na kinaingia mfukoni. Hata kikikupa jibu unalolitaka, painaiti iliyokatwa bado inadai cheti.

Soko na bei

Utaikuta kila mahali namba ya dola 50,000 hadi 60,000 kwa karati moja ya painaiti. Imenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba muuzaji yeyote mwenye kipande cheusi chenye nyufa anaishika kama hirizi. Ni bei ya kuzungumziwa kwa painaiti safi iliyokatwa, ambayo ni chache mno. Tangu vyanzo vipya vipatikane, vipande visivyofaa kukatwa huuzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaimudu akijibana. Ni painaiti halali ileile, na kwa mkusanyaji wa madini vinatosha. Ubaya huja pale mtu anapouziwa kipande cha aina hiyo kwa hesabu ya karati ya jiwe safi.

Kuna na jambo la nchi inakotoka. Mwezi Aprili 2021 Marekani iliiwekea vikwazo taasisi ya serikali ya Myanmar inayosimamia vito, na mwaka 2024 mji wa Mogok uliangukia mikononi mwa kundi la waasi la TNLA. Ukinunua painaiti leo, ulizia lini ilitoka nchini na ina karatasi gani. Msomaji aliye Ulaya au Marekani alichukulie hili kwa uzito kuliko wa Dar au Muscat, kwa sababu benki na forodha za huko zinaweza kumuuliza. Hata wa Dar, siku akitaka kuliuza nje, ataulizwa.

Yeremeyevaiti ya Namibia haina mzigo huo. Bei yake ni ya juu, hasa buluu iliyokolea na safi, na hupanda kwa kasi jiwe linapovuka karati moja kwa sababu vijiti vyake ni vyembamba na mkataji hupoteza sehemu kubwa. Wanunuzi wake ni wakusanyaji wanaojuana. Ukitaka kuiuza, muuze anayeijua, maana sonara wa kawaida atakupa bei ya akwamarini.

Sinhalaiti ni nafuu kwa mbali kuliko zote mbili. Utaipata kwa wafanyabiashara wa Sri Lanka bila kusubiri miaka, na kwa hela ambayo ingekupa punje ya yeremeyevaiti unapata sinhalaiti ya ukubwa wa kuonekana kidoleni. Upande wa pili wa unafuu huo ni kwamba usitegemee kuwa mtaji. Hakuna anayekuja mbio kununua jiwe la kahawia asilolijua jina.

Kwa hali yako

Kama unataka jiwe la kuvaa, na furaha yako ni kujua siri ambayo wengine hawaijui, chukua sinhalaiti. Lichague kubwa, la rangi ya asali iliyo wazi, lisilo na weusi katikati, kisha litie kwenye kidani. Watu watakuuliza kama ni topazi, na utakuwa na hadithi ya kuwapa.

Kama wewe ni mkusanyaji wa fuwele na unapenda ya Afrika, weka akiba kwa ajili ya yeremeyevaiti ghafi ya Namibia ambayo ncha yake haijavunjika. Ndogo nzima ina maana kuliko kubwa iliyovunjika na kugundishwa. Chunguza kwa lupu mahali popote ambapo mng'ao unabadilika ghafla, gundi huonekana hapo. Kama unaitaka iliyokatwa, cheti kwanza, hela baadaye.

Kama kinachokusukuma ni rekodi na historia ya sayansi, nunua painaiti ghafi ndogo, ya bei ya chini, kutoka kwa muuzaji anayeweza kueleza ilitoka Myanmar lini na kwa njia gani. Iliyokatwa waachie wenye mfuko mrefu na subira ya makaratasi. Na kama unaitaka kwa kuwa umesikia dola 60,000 na unawaza kuiuza mwakani, ningekushauri hela hiyo ubaki nayo. Painaiti huuzwa kwa anayeitafuta, na wanaoitafuta wana vifaa kuliko wewe.

Kama unamnunulia mtu zawadi na hujui kama atajali uadimu, mpelekee sinhalaiti au yeremeyevaiti hafifu, kutegemea anapenda rangi ya joto au ya maji. Painaiti ndogo nyeusi itahitaji maelezo ya dakika 20 kabla hajatabasamu.

Wa mwisho ni wewe uliye Tanga, Arusha au Kilimanjaro, dalali mwenye leseni au mchimbaji mdogo, uliye na mfuko wa mawe ya waridi ya kahawia au njano ya chai ambayo kila mnunuzi sokoni ameyaita peridoti chafu. Kabla hujayatoa kwa bei ya jumla, tafuta mizani ya karati na glasi ya maji. Chagua jiwe safi lisilo na nyufa za kushika hewa, lipime kavu, lipime majini, gawa. Likija karibu 3.34, uza kama ulivyopanga. Likija 3.46 au 3.48, rudia mara mbili na waya mwembamba zaidi, kisha lipeleke maabara.